Masika Tuliyokaa Bila Mlango

Jumapili, 3 Machi

Leo Baba ameng'oa mlango wa mbele wa nyumba yetu.

Aligonga pini za bawaba kwa nyundo, moja baada ya nyingine, akauegemeza mlango ukutani, akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati kama mtu anayempeleka mtoto shule. Kisha akaubeba mgongoni mpaka kwenye mkokoteni uliokuwa ukingoja nje. Mama Cherehani, fundi wa nguo tunayepakana naye ukuta, alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji, watu wakihama huacha mlango wakachukua mke. Wewe vipi?"

Baba hakujibu. Kwa kawaida humjibu, na huwa hamalizi haraka.

Mama alikuwa amesimama sebuleni na ufagio. "Baba Watoto, na mvua hii inayokuja?"

"Wiki moja tu. Mchongaji wa ile sanamu ya stendi atachukua umbo lake kwa plasta, kisha anaurudisha."

"Na mtoto akija?"

Baba alikuwa ameshafika barabarani.

Mtoto ni Kaka. Ana miaka ishirini na miwili na si mtoto kwa mtu yeyote ila Mama. Mwaka juzi aliondoka kwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mwendo wa siku mbili kwa basi, baada ya kugombana na Baba kwa sababu hakutaka useremala. Nilikuwepo. Baba alimwambia, "Ukivuka mlango huu leo, usiuguse tena." Kaka akavuka. Akageuka akaniambia, "Profesa, nichungie vitabu vyangu," ingawa hana hata kimoja. Alikuwa akimpigia Mama simu kila mwezi. Tangu Januari hajapiga. Mama anasema huko machimboni mtandao ni wa shida.

Tangu siku ile Mama hajafunga komeo. Mlango wetu hauhitaji komeo, kwa sababu unakwama: lazima ushike mpini, uunyanyue kidogo, halafu uusukume kwa nyonga. Asiyejua atahangaika mpaka achoke. Wanaojua tuko wanne.

Jumatatu, 4 Machi

Turubai la bluu limetundikwa mahali pa mlango. Upepo ukija, linapiga makofi.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wetu wa Kiswahili, tunayemwita Nukta kwa sababu husema "nukta" akimaliza kila jambo, ametupa kazi inayohusu sanamu. Manispaa inajenga sanamu ya Mbeba Mlango kwenye uwanja ulio mbele ya stendi ya mabasi, na kwaya ya shule itaimba siku ya uzinduzi. Kila mwanafunzi aulize nyumbani kwao beti za wimbo huo na kuziandika. "Kwa mwandiko unaosomeka. Nukta."

Wimbo wenyewe anaujua kila mtu. Mtu mmoja alikwenda kufanya kazi mbali. Aliporudi alikuta mafuriko yamebeba nyumba yake na kuacha mlango tu, umesimama peke yake kwenye matope. Akautia mgongoni, akawa anapita nyumba kwa nyumba akitafuta ilipokwenda nyumba yake. Anayeongoza huimba:

*Hodi, hodi, mlango u mgongoni,*
*nyumba yangu naitafuta mjini.*

Na wote humjibu:

*Si hapa, pita mbele.*

Beti ni nyingi. Anapita kwa mfinyanzi, kwa mshona viatu, kwa mwenye duka, kwa mjane. Kote anajibiwa hivyohivyo. Wimbo hauna mwisho. Mtu huacha tu anapochoka.

Kwetu ulikuwa na mwisho. Tulipokuwa wadogo, mimi na Kaka tulikuwa tunasimama nje na kugonga mlango, Baba yuko ndani, ameuzuia kwa mgongo. Tunaimba hodi, anajibu "Si hapa, pita mbele," kwa sauti ya mfinyanzi, kwa sauti ya mjane, mpaka mbavu zinatuuma kwa kucheka. Tukishachoka kabisa, Baba ananyamaza kidogo. Halafu anaimba, "Ni hapa, ingia," na mlango unafunguka.

Niliandika ubeti huo. Mwalimu Nukta ameupigia mstari mwekundu: *Haupo katika wimbo.* Nilikuwa sijui kwamba Baba aliutunga mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Wiki imekwisha. Mlango haujarudi.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Ilianza tukiwa tunakula chakula cha jioni na haikubisha hodi, kama alivyosema Mama. Maji yaliingia chini ya turubai yakatambaa mpaka kwenye miguu ya kabati. Tuliyazuia kwa magunia. Baba alikuwa anakamua tambara bila kumtazama mtu.

Mama Cherehani alituletea kipande cha zulia kuukuu. Akasema, "Ndugu zangu, fundi milango wa mtaa mzima, na kwake panaingia hata bata!" Mama alicheka kwa adabu. Baba alitoka akaenda kusimama mvuani, akajifanya anaangalia paa.

Jumatano, 20 Machi

Baba amekuja na mlango mpya kutoka karakanani. Wa mbao nyepesi, alioutengeneza jana. Mama amesimama kwenye kizingiti akakataa.

"Huo yeye haujui."

"Ni wa muda tu, Mama Watoto."

"Akija akaukuta huo, atadhani tumehama."

Baba aliutazama mlango wake mpya kama anatafuta kasoro. Kisha akaubeba akarudi nao. Niliona mgongo wake ukienda na mlango juu yake, na kwa mara ya kwanza nikaona ule wimbo si wa kuchekesha.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Daftari langu la historia limelowa kuanzia ukurasa wa kumi.

Alhamisi, 28 Machi

Leo yamenikuta. Mwalimu Nukta alikuwa anagawa nafasi za kuimba. Msichana tunayemwita Redio ataongoza, maana hakuna anayeweza kumzima. Zamu ya kumjibu, ile ya "Si hapa, pita mbele," Mwalimu alitaka sauti nzito ya mtu mmoja kabla kwaya nzima haijaingia. Akatujaribu mmoja mmoja. Akasimama mbele yangu.

"Wewe. Sauti yako iko chini, inafaa."

"Mwalimu, mimi siwezi kusimama mbele ya watu."

"Nani kasema mbele? Utasimama nyuma ya sanamu. Utasikika, hutaonekana. Nukta."

Redio akasema, maana darasani mimi huitwa Maktaba, "Maktaba atazungumza! Jamani, leteni mwavuli, mvua ya mawe hiyo." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka kidogo, maana ilikuwa kweli.

Mama amefurahi kupita kiasi. Amesema nguo yangu ya kwaya ataipiga pasi yeye mwenyewe.

Jumanne, 2 Aprili

Mama anakohoa. Anakaa kwenye kiti kilekile, akitazama turubai. Zamani alikuwa anatazama mlango.

Baba anarudi amechelewa na kula haraka. Ninamchukia kidogo. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine ninapoweza kusema.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama amenituma kwa Mchongaji. "Mwambie kwa heshima, mama amesema plasta sasa itakuwa imeshakauka."

Anafanyia kazi kwenye banda la mabati nyuma ya ofisi za manispaa. Nilisimama mlangoni karibu robo saa nikijipanga cha kusema. Sanamu ilikuwa katikati, mtu mrefu mara mbili ya Baba, ameinama, magoti yamekunjika, shingo imesukumwa mbele. Mchongaji mwenyewe, mzee mfupi mwenye saruji kwenye nyusi, alikuwa juu ya ngazi anasugua bega.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Usiguse kitu, bado ni mbichi."

Nikampa salamu za Mama. Akashuka ngazi taratibu, akanitazama.

"Wewe ni binti wa seremala? Baba yako hakuwaambia?"

Akanizungusha nyuma ya sanamu. Mlango wetu ulikuwa pale, mgongoni mwa yule mtu. Sikuona umbo lake. Niliona mlango wenyewe. Upande wa nje ulikuwa umefungwa wavu wa chuma, ukamwagiwa saruji, na nondo mbili zimepita ndani yake mpaka kwenye mabega. Upande wa ndani ulikuwa wazi, mbao tupu, umepakwa vanishi.

"Upande huu nimeuacha," alisema. "Ungezidi uzito. Na hivi una maisha."

Upande huo ndio wenye alama zetu. Kila mwaka shule ikifunguliwa, Baba alitusimamisha hapo na kukata pengo dogo kwa patasi juu ya vichwa vyetu. Za Kaka ziko kushoto, zangu kulia. Ya Kaka ya mwisho iko juu sana, Baba aliikata akiwa amesimama kwenye kigoda.

"Utatoka lini?" niliuliza. Lilikuwa swali la kijinga.

"Binti, huu hautoki mpaka nipasue sanamu nzima. Mimi nilitaka umbo tu. Baba yako ndiye aliyesema chukua kabisa. Nilimuuliza mara mbili."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Nikamwambia Mama bado haijakauka.

Jumapili, 7 Aprili

Nimemdanganya Mama, na bado amenipa chapati ya ziada kwa kutumwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mama alinituma kumpelekea Baba chakula karakanani. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda kupeleka fremu za dirisha kwa mteja. Niliamua kumngoja nimuulize kuhusu mlango. Nilikuwa nimepanga sentensi tangu asubuhi. Mvua ikaanza, maji yakawa yanaingia kwenye kona anayorundika maranda, nikaanza kuyahamisha yasilowe. Chini ya maranda palikuwa na begi.

Nililijua kabla sijaligusa. Ni begi la kijani lenye zipu iliyoshonwa na Mama Cherehani kwa uzi mweupe kwa sababu wa kijani ulikuwa umemwishia.

Ndani mlikuwa na viatu vya kazi, kimoja hakina kamba. Mashati mawili. Futi ya chuma ya kupimia, ile ya Baba iliyopotea mwaka juzi, ambayo Baba alitusumbua sote kuitafuta. Kaka aliyekataa useremala alikuwa ameondoka nayo. Na barua ya karani wa machimbo, yenye muhuri. Imeandikwa vizuri, bila kosa hata moja. Inasema kifusi kiliporomoka tarehe kumi na tisa Januari, kwamba kijana wetu alikuwa mmoja wa wanne waliokuwa chini, kwamba barabara zilikuwa zimekatika na wenzake wakamzika huko kwa heshima zote. Inasema vitu vyake vinaletwa na msimamizi.

Niliisoma mara tatu kama ninavyosoma maswali ya mtihani. Kisha nikakaa kwenye maranda.

Baba alipoingia aliona begi kwanza, halafu akaniona mimi. Aliweka chini msumeno. Alifunga mlango wa karakana, akaketi karibu yangu, pale chini, na suruali yake ya kazi.

"Umesoma?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Baba, kwa nini hujamwambia Mama?"

Alichukua maranda mkononi akawa anayakunjua, marefu, bila kuyakata.

"Begi lililetwa Jumatatu ile kabla sijaung'oa mlango. Nikarudi nyumbani nimwambie. Nikamkuta amekaa kwenye kiti kile, anatazama mlango. Jumanne vilevile. Jumatano hivyohivyo. Nikashindwa. Nikasema, huyu hawezi kusikia akiwa anautazama. Nikiuondoa, ataacha kuutazama. Akiacha kuutazama, ataacha kungoja. Akishaacha kungoja, nimwambie. Msumari wa zamani huuvuti tu, mwanangu. Unalegeza mbao kwanza."

"Lakini hajaacha kungoja."

"Naona."

"Sasa je?"

"Siku ya uzinduzi nitamwambia. Nimejipa siku hiyo." Halafu akasema kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mimi ndiye niliyemwambia asiuguse tena."

Tulilia pamoja, kila mtu akitazama upande wake, na mvua ilisaidia kwa sababu mabati yalikuwa yanapiga kelele. Kisha akanifuta uso kwa leso yenye vumbi la mbao, akaniambia nile chakula chake.

Kaka amekufa. Nimeandika.

Jumapili, 14 Aprili

Mama ameniuliza mbona macho mekundu. Nimesema vumbi la karakana.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Kila nikimwona Mama, mdomo unafunguka wenyewe, nami naujaza chakula au naweka kitabu mbele yake. Nimesoma vitabu viwili na sikumbuki vilihusu nini.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama amekwenda kwa Mchongaji mwenyewe. Alichoka kungoja plasta ikauke.

Niliporudi kutoka shule nilikuta jiko linawaka na Mama anaimba. Nikadhani amepata taarifa na akili imemruka.

"Mlango wetu hautarudi, mwanangu," alisema. "Umetiwa ndani ya sanamu. Mzee wa watu ameniomba radhi mpaka nikamwonea huruma."

"Mama, umekasirika?"

"Nilikasirika. Nilitoka pale nimekasirika, nimepanga maneno ya kumwambia baba yako, maneno mazito. Nilipofika stendi nikasimama." Akageuka, uso wake umechangamka, sijauona hivyo tangu mwaka juzi. "Sanamu inawekwa pale pale yanaposimama mabasi ya mbali. Umeelewa? Akishuka tu, kitu cha kwanza atakachokiona ni mlango wa kwao. Kabla hata hajachukua begi lake."

Niliendelea kumenya viazi. Nilimenya mpaka vikabaki vidogo kama kokoto, na Mama akanicheka.

Baba alipofika, Mama alimwambia, "Baba Watoto, nimekusamehe. Umefanya jambo la akili bila kujua." Baba alishika mwimo wa mlango usio na mlango. Alisema anajisikia vibaya, akaenda kulala bila kula.

Jumanne, 23 Aprili

Sanamu imesimamishwa uwanjani, imefunikwa kitambaa cheupe. Mama alikwenda kuitazama saa kumi alasiri, muda ambao basi la machimboni hufika.

Jumatano, 24 Aprili

Alikwenda tena.

Alhamisi, 25 Aprili

Tena. Amechukua kigoda na mwavuli. Wauza karanga wa stendi wameshamzoea, wanamwita Mama Sanamu. Ananihadithia kwa furaha. Anajua sasa majina ya madereva wote, na yupi huchelewa.

Nilimfuata Baba uani. "Baba, mwambie leo. Umemtoa kwenye kiti ukampeleka stendi."

"Siku ya uzinduzi."

"Anakohoa. Anakaa mvuani."

"Nimesema siku ya uzinduzi!" Alipaza sauti, kisha akatazama turubai kama limemsikia. "Nisaidie tu kufika siku hiyo."

Zamani nilidhani Baba ni mkali. Sasa naona anaogopa, na kwamba pengine hata siku ile ya ugomvi alikuwa anaogopa. Haipunguzi hasira yangu. Inaichanganya tu na kitu kingine.

Jumanne, 30 Aprili

Mazoezi ya kwaya. Niliimba "Si hapa, pita mbele" mara ishirini na nane. Mwalimu Nukta alisema sauti yangu ina huzuni inayofaa. Redio alininong'oneza, "Kumbe Maktaba una kipaji, ulikificha kwenye rafu gani?" Alikuwa ananisifu kweli. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka kengele.

Ijumaa, 3 Mei

Nguo ya kwaya imepigwa pasi. Imetundikwa ukutani, nyeupe. Kesho.

Jumamosi, 4 Mei

Sasa ni jioni. Naandika kwa sababu nisipoandika leo nitaanza kukumbuka vibaya.

Mvua ilianza saa tatu asubuhi. Haikuwa kubwa, ilikuwa ile nyembamba isiyokatika. Watu walikuja hivyohivyo, na mifuko ya plastiki vichwani. Mstahiki Meya alichelewa saa nzima. Kwaya ilipangwa mbele, chini ya hema. Mimi nilisimamishwa nyuma ya sanamu, peke yangu, chini ya mwavuli, mbele yangu upande wa ndani wa mlango wetu. Mvua ilikuwa inateremka kwenye vanishi. Pengo langu la mwisho lilikuwa juu ya kichwa changu, kwa jinsi mlango ulivyoinuliwa.

Baba alikuwa pembeni kwenye watu, amevaa koti lake la arusi za watu. Begi la kijani lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameliweka kwenye mfuko wa saruji, lakini nililijua.

Meya alivuta kamba, kitambaa kikaanguka, watu wakapiga makofi. Hotuba ilikuwa ndefu, na yote ilihusu mji wetu na maendeleo. Halafu Redio akaanza.

*Hodi, hodi, mlango u mgongoni...*

Wakati huo Mama alitokea. Alizunguka sanamu kutoka upande wa mabasi, bila mwavuli, akinitafuta. Aliniona akatabasamu, akaweka kidole mdomoni kuonyesha hatanisumbua. Kisha akaona alama. Nadhani alikuwa bado hajaziona tangu sanamu iwekwe, kwa sababu ilikuwa imefunikwa. Alizipapasa kuanzia chini, za kushoto, moja moja, mpaka akafika alipoishia mkono wake. Ya mwisho hakuifikia.

*...nyumba yangu naitafuta mjini.*

"Si hapa, pita mbele," niliimba. Kwaya ikapokea.

Kwa mfinyanzi. "Si hapa, pita mbele."

Mama aligeuka kwangu, macho yanacheka. Akakunja ngumi na kugonga mlango, kidogo tu, kwa wakati ule ule Redio alipoimba hodi ya tatu. Alikuwa anacheza. Alikuwa anacheza mchezo wetu, ambao yeye alikuwa akiutazama tu zamani akiwa jikoni.

"Hodi," alisema. "Mwanangu yupo?"

Ilikuwa zamu yangu. Nilifungua mdomo. Mbele kwaya ilikuwa inangoja, uwanja wote ulikuwa unangoja, nikasikia Mwalimu Nukta akikohoa. Mama alikuwa ananitazama, na tabasamu likaanza kubadilika, kwa sababu anaijua sura yangu vizuri kuliko ninavyokijua mimi kitabu chochote.

"Nini?" alisema. "Una nini, mwanangu?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu. Haikuwa na muziki. Baba alikuwa amezunguka sanamu, amelowa, begi limetoka kwenye mfuko.

"Si hapa," alisema Baba. "Mama Watoto. Si hapa."

Kwaya ilidhani ni mimi, au iliamua kusonga mbele. Ikapokea kwa nguvu, *pita mbele, pita mbele,* na watu wakaitikia.

Mama alimtazama Baba. Halafu akalitazama begi, na uzi mweupe wa zipu. Hakupiga kelele. Alisimama palepale na mkono wake bado kwenye mlango, anamtazama Baba mdomoni. Nilijua anangoja nini. Anangoja Baba anyamaze kidogo, halafu aimbe mstari wa mwisho, kama alivyofanya siku zote tulipochoka.

Baba alinyamaza. Mvua iliendelea.

Hakuuimba.

Mama alilichukua begi akalikumbatia, akakaa chini kwenye maji, mgongo wake chini ya alama za Kaka. Baba alikaa upande mmoja na mimi upande mwingine. Kule mbele waliimba beti zote kumi na nne. Hawakutuona. Hakuna anayetazama nyuma ya sanamu.

Jumapili, 5 Mei

Mama hajasema neno.

Jumatatu, 6 Mei

Mama Cherehani amekuja, hakufanya mzaha wowote. Amefua, amepika, ameondoka.

Jumamosi, 11 Mei

Mama amesema na Baba leo. Nilikuwa chumbani, na nyumba isiyo na mlango haifichi kitu. Alimwambia, "Miezi miwili ulikuwa unajua. Miezi miwili ulinitazama nikipika chakula cha mtoto na kukifunika." Baba akasema, "Ndiyo." Mama akasema, "Sitakusamehe upesi." Baba akasema, "Ndiyo." Baada ya hapo nikasikia futi ya chuma ikivutwa na kujirudi, kuvutwa na kujirudi. Sijui ni nani aliyekuwa ameishika.

Alhamisi, 16 Mei

Nilipita stendi. Mtoto mmoja alikuwa amepandishwa begani na baba yake ili aguse mlango wa saruji. Basi la machimboni liliingia likiwa limechelewa. Nilisubiri mpaka wote wakashuka.

Jumapili, 26 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Zulia la Mama Cherehani limeanza kukauka, linanuka.

Wakati wa chai Mama alisema, bila kumtazama Baba, "Tengeneza mlango." Baba akaweka kikombe chini. Akauliza wa mbao gani. "Wowote," Mama akasema. "Ila usikwame."

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi kutoka shule na kukuta turubai limekunjwa uani. Mlango mpya upo mahali pake, unanuka vanishi, umefungwa.

Nilishika mpini, nikaunyanyua, nikausukuma kwa nyonga. Nusura nijiumize. Huu hauna siri, una komeo, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nilisimama pale na mkoba wangu, sijui la kufanya mbele ya nyumba yetu wenyewe. Halafu nikagonga.

"Hodi."

Nikasikia kiti kikisogezwa, na hatua za Mama, polepole, zikija mpaka karibu kabisa na mbao. Zikasimama hapo. Nilisikia akivuta pumzi.

"Ni hapa," alisema Mama. "Ingia."